‘Inflammable’ si ‘isiyowaka’: Utata wa herufi ‘in’ katika maneno ya Kiingereza

Na Mwandishi Wetu

KWENYE matangi ya baadhi ya malori yanayosafirisha mafuta katika barabara za Afrika Mashariki huonekana maneno mawili ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: ‘Highly Inflammable’. Malori mengine yameandikwa ‘Highly Flammable’. Mzigo ni uleule, hatari ni ileile, na maana ya maandishi hayo ni moja.

Mtu aliyejifunza Kiingereza darasani ana kila sababu ya kushangaa. Tangu akiwa kidato cha kwanza amefundishwa kwamba herufi ‘in’ zikitangulia neno hulikanusha. ‘Correct’ ni sahihi, ‘incorrect’ si sahihi. ‘Complete’ ni kamili, ‘incomplete’ ni pungufu. ‘Visible’ ni kinachoonekana, ‘invisible’ ni kisichoonekana. Kwa hesabu hiyo, ikiwa ‘flammable’ ni kinachoshika moto kwa urahisi, basi ‘inflammable’ ingepaswa kuwa kisichoshika moto.

Sivyo ilivyo. ‘Inflammable’ maana yake ni kinachoshika moto kwa urahisi. Kamusi za Kiingereza hazitofautiani katika hilo, na kinyume cha maneno yote mawili ni ‘non-flammable’. Aliyedhani vinginevyo si mjinga. Ametumia kanuni aliyofundishwa mahali ambapo kanuni hiyo haifanyi kazi.

Kosa la namna hii likifanyika katika mtihani, mwanafunzi hupoteza alama moja. Likifanyika mbele ya kopo la thina, chupa ya kitakasa mikono au mtungi wa gesi ya kupikia, gharama yake ni ya aina nyingine kabisa.

Chanzo cha utata huo ni kwamba Kiingereza hakina kiambishi ‘in’ kimoja, bali kina viwili. Vyote viwili vinatoka katika Kilatini, vinaandikwa sawasawa na kutamkwa sawasawa, lakini havina undugu wa maana.

Cha kwanza ni ‘in’ ya kukanusha. Huyu ni ndugu wa ‘un’ ya Kiingereza chenyewe, kama katika ‘unknown’ au ‘unhappy’, na pia ni ndugu wa ‘a’ na ‘an’ za Kigiriki. Neno ‘anaemia’, ambalo Waswahili wengi hulijua kama anemia, lina kiambishi hicho cha Kigiriki, na maana yake ya asili ni kukosa damu.

Cha pili ni ‘in’ ya kuingia, au ya kutia kitu ndani ya kingine. Ndiyo iliyomo katika ‘inject’, kudunga sindano, ‘inhale’, kuvuta hewa ndani, ‘include’, kujumuisha, na ‘invade’, kuvamia. Wakati mwingine haionyeshi mahali bali huongeza tu nguvu ya kitendo.

Neno ‘inflammable’ ni la ukoo huu wa pili. Katika Kilatini, ‘flamma’ ni mwali wa moto, na kitenzi ‘inflammare’ ni kutia moto au kuwasha. Kutokana na kitenzi hicho Kiingereza kikapata ‘inflame’, na kutokana na ‘inflame’ likapatikana ‘inflammable’, yaani kinachoweza kuwashwa. Hakuna ukanushaji hata chembe ndani yake.

Madaktari wanalitumia jamaa wa neno hili kila siku. ‘Inflammation’ ni ile hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kuwa nyekundu, kupata joto na kuuma, dalili nne ambazo mwandishi wa Kirumi, Celsus, aliziorodhesha katika karne ya kwanza. Hakuna mgonjwa anayeambiwa ana ‘inflammation’ akadhani ameambiwa mwili wake umekosa moto. Vivyo hivyo, hotuba iitwayo ‘inflammatory’ ni ya uchochezi, inayowasha watu hasira, wala si ya kuwatuliza.

Ajabu ni kwamba kati ya ‘inflammable’ na ‘flammable’, lile linaloonekana geni ndilo la kale. ‘Inflammable’ limekuwamo katika Kiingereza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1600. ‘Flammable’ lilianza kuonekana katika maandishi mwaka 1813, na kwa zaidi ya miaka 100 lilibaki neno la nadra ambalo watu wengi hawakulihitaji.

Kilichobadilisha mambo hayo ni viwanda, petroli na bima. Kadiri magari na maghala ya mafuta yalivyoongezeka, ndivyo maandishi ya onyo yalivyozidi kusomwa na watu ambao hawakusoma Kilatini shuleni: vibarua, madereva, wahamiaji waliojifunza Kiingereza ukubwani, pamoja na watoto. Katika miaka ya 1920, chama cha kinga dhidi ya moto cha Marekani, National Fire Protection Association, kilichoanzishwa mwaka 1896, kilianza kuhimiza neno ‘flammable’ litumike badala ya ‘inflammable’. Nchini Uingereza, taasisi ya viwango, British Standards Institution, ilichukua msimamo kama huo mwaka 1959.

Kwa maneno mengine, wenye lugha wenyewe walikubali kwamba neno lao sahihi lilikuwa baya kwa kazi iliyokusudiwa. Ni mara chache lugha hubadilishwa kwa sababu za usalama, na wapenzi wa usanifu wa Kiingereza walinung’unika. Lakini hoja ya wazimamoto ilikuwa na uzito usiopimika kwa mizani ya sarufi: onyo likisomwa vibaya na mtu mmoja tu katika elfu, huyo mmoja anatosha kuteketeza ghala.

Jambo la neno kumpotosha mtu karibu na moto lilichunguzwa kwa makini na Mmarekani mmoja ambaye jina lake linajulikana zaidi kwa wanaisimu kuliko kwa wazimamoto. Benjamin Lee Whorf alisomea uhandisi wa kemikali katika chuo cha MIT, na kuanzia mwaka 1919 hadi alipofariki mwaka 1941 alifanya kazi katika kampuni ya bima ya moto ya Hartford, jimbo la Connecticut. Kazi yake ilikuwa kukagua majengo yaliyokatiwa bima na kuchunguza sababu za moto.

Katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1941, Whorf alieleza kwamba mwanzoni alitafuta sababu za kawaida, kama nyaya mbovu za umeme au kukosekana kwa nafasi kati ya mabomba na mbao. Polepole akabaini kuwa mara nyingine moto ulianza kwa sababu ya jina ambalo watu walikipa kitu.

Mfano wake maarufu ni wa mapipa. Mahali palipohifadhiwa mapipa ya petroli, wafanyakazi walikuwa waangalifu sana. Mahali palipohifadhiwa mapipa ‘matupu’ ya petroli, walivuta sigara na kutupa vipisi ovyo. Kumbe pipa lililokwisha petroli huwa limejaa mvuke wake, na mvuke huo uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka. Neno ‘tupu’ liliwaambia kwamba hamna kitu, nao wakaliamini.

Mfano mwingine ulihusu kiwanda kilichotumia chokaa kufunika mitambo ya kunereka mbao. Kwa kuwa jina lake la Kiingereza lina neno ‘stone’, yaani jiwe, hakuna aliyefikiri kukilinda kifuniko hicho dhidi ya moto. Mvuke wa asidi kutoka katika mitambo ulikuwa umeigeuza chokaa kuwa kemikali nyingine ambayo, ikipata joto, hutoa asetoni. Moto ulipotokea chini yake, ‘jiwe’ hilo likawaka kwa nguvu.

Habari ya mapipa matupu haihitaji kwenda Connecticut ili ieleweke. Katika karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam na Kamukunji jijini Nairobi, mapipa yaliyokwisha kazi hukatwa na kufuliwa kuwa majiko, makarai, masanduku na sufuria. Fundi anayepeleka moto wa kukatia chuma kwenye pipa ambalo halijasafishwa vizuri anakabiliwa na hatari ileile aliyoiandika Whorf, hata kama pipa hilo halina neno lolote la Kiingereza.

Haitakuwa haki kudai kwamba ajali kubwa za mafuta katika ukanda huu zilisababishwa na herufi ‘in’. Tarehe 31 Januari, 2009, zaidi ya watu 100 walikufa katika eneo la Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, baada ya lori la mafuta lililopinduka kushika moto huku wananchi wakichota. Tarehe 2 Julai, 2010, katika mji mdogo wa Sange, mkoa wa Kivu Kusini nchini Kongo, zaidi ya watu 230 waliteketea, baadhi yao wakiwa wamekusanyika kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Na tarehe 10 Agosti, 2019, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha katika eneo la Msamvu, mjini Morogoro.

Waliokuwapo walijua kuwa petroli inawaka. Umaskini, mazoea na msongamano wa watu vina sehemu kubwa zaidi katika maafa hayo kuliko kamusi. Hata hivyo, kujua kwamba kitu kinawaka ni tofauti na kujua kinawaka kwa namna gani, na hicho ndicho kitu ambacho onyo zuri lingepaswa kusema.

Petroli yenyewe, ikiwa maji, si ndiyo inayoshika moto kwanza. Ni mvuke wake. Mvuke huo hutoka hata penye baridi kali, kwani petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika cheche katika joto la takriban nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Mafuta ya taa huhitaji takriban nyuzi 38 juu ya sifuri kufikia hali hiyo. Ndiyo maana mtu aliyezoea koroboi na jiko la mafuta ya taa anaweza kuidharau petroli akidhani tabia zao zinafanana.

Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Haupai juu ukatawanyika kama moshi, bali hutambaa ardhini, hujaa mitaroni na kufuata mteremko hadi penye jiko, sigara au injini ya pikipiki. Hewa yenye mvuke huo kiasi cha asilimia 1.4 tu inatosha kulipuka. Aliyesimama mbali na lori, akijiona yuko salama kwa kuwa miguu yake haijagusa mafuta, huenda tayari amesimama ndani ya kile kitakachowaka.

Majumbani maandishi hayo yamejificha zaidi. Makopo ya dawa ya kupuliza ya kuua mbu na mende, thina ya rangi, dawa ya kuondoa rangi ya kucha, manukato na vitakasa mikono vyenye spiriti, vyote huwa na onyo la aina hii kwa herufi ndogo mgongoni. Baadhi huandika ‘flammable’, baadhi ‘inflammable’. Mnunuzi anayesoma harakaharaka dukani anaweza kulipokea neno la pili kama sifa ya bidhaa, kwamba imetengenezwa isishike moto.

Wasemaji wa Kiswahili wanapochanganyikiwa na ‘in’, wana sababu ya ziada. Katika lugha yao, ukanushi hukaa mwanzoni mwa kitenzi: siendi, hawezi, hatukubali, haiwaki. Sikio la Mswahili limezoea kutega mwanzo wa neno ili kujua kama jambo lipo au halipo. Likikutana na ‘in’, ambayo darasani iliitwa ‘hapana’, hukimbilia kuamini.

Lakini Kiswahili nacho kina mtego wake unaofanana kabisa na huo, ila wenyewe hawauoni kwa sababu wameuzoea. Ni kiambishi ‘hu’. Mtu akisema “petroli huwaka”, ‘hu’ hiyo ni ya mazoea: ndiyo tabia ya petroli. Akisema “wewe huwaki”, ‘hu’ hiyo ni ya kukanusha. Irabu ya mwisho ndiyo inayookoa jahazi, ‘a’ kwa mazoea na ‘i’ kwa ukanushi: hula na huli, hucheka na hucheki.

Kwa vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, hata msaada huo haupo. “Mama husamehe” ina maana kwamba kusamehe ni kawaida yake. “Wewe husamehe” inaweza kuwa lawama kwamba husamehi hata kidogo, ingawa kisarufi hakuna ‘husamehi’ na neno hubaki lilelile. Ndivyo ilivyo kwa hufikiri, hujibu, hurudi na husahau. Mgeni anayejifunza Kiswahili hubaki akikuna kichwa, sawasawa na Mswahili anayelitazama tangi la mafuta.

Tofauti ni kwamba ‘hu’ huambatana na sentensi nzima, na mara nyingi mtendaji hutajwa. Maandishi ya onyo hayana sentensi. Ni neno moja au mawili yaliyosimama peke yake kwenye bati, bila muktadha wa kumsaidia msomaji.

Mtego wa ‘in’ hauishii kwenye moto. Unabadilika umbo kulingana na herufi inayofuata, na kila unapobadilika unabeba ukoo wake wote miwili. Mbele ya ‘p’, ‘b’ na ‘m’ huwa ‘im’: ‘impossible’ ni isiyowezekana, lakini ‘imprison’ ni kutia gerezani; ‘immortal’ ni asiyekufa, lakini ‘immigrant’ ni mhamiaji anayeingia. Mbele ya ‘l’ huwa ‘il’: ‘illegal’ ni haramu kisheria, na ‘illuminate’ ni kutia nuru. Mbele ya ‘r’ huwa ‘ir’: ‘irregular’ ni isiyo ya kawaida, ilhali ‘irrigate’ ni kumwagilia shamba maji. Mkulima aliyeona bango la mradi wa ‘irrigation’ hajawahi kudhani ni mradi wa kunyima mashamba maji.

Yako maneno ambayo kiambishi cha kukanusha kimo lakini kimesahaulika hata na Waingereza. ‘Infant’, mtoto mchanga, kwa Kilatini ni asiyesema. ‘Innocent’ ni asiyedhuru. Hata ‘enemy’, adui, ambalo limepoteza kabisa sura ya ‘in’, linatokana na ‘inimicus’, asiye rafiki.

Yako pia ambayo ‘in’ ni ya kukanusha kweli, lakini maana haikwenda inakotarajiwa. ‘Invaluable’ si kitu kisicho na thamani. Ni chenye thamani kubwa kiasi kwamba hakiwezi kukadiriwa bei. Mwajiri anayeandika katika barua kwamba mchango wa mfanyakazi ulikuwa ‘invaluable’ anamsifu. ‘Infamous’ si mtu asiye maarufu, bali ni maarufu kwa ubaya. ‘Indifferent’ si ‘asiye tofauti’, ni asiyejali.

Baadhi ya maneno haya humfikia mwananchi wa kawaida siku ambazo hana nafasi ya kukosea. Fomu ya bima ya afya hutenganisha ‘inpatient’, mgonjwa aliyelazwa, na ‘outpatient’, anayetibiwa na kurudi nyumbani. Kuna ‘impatient’, mtu asiye na subira, linalotamkwa karibu sawa na hilo la kwanza. Msikilizaji wa taarifa za uchaguzi husikia ‘invalid votes’, kura zilizoharibika; neno hilohilo likitamkwa kwa mkazo mwanzoni humaanisha mgonjwa au mtu asiyejiweza.

Mahakamani kuna ‘intestate’. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, hulitumia neno hilo kwa aliyekufa bila kuacha wosia halali, na sehemu nzima ya sheria hiyo inahusu mgawanyo wa mali ya mtu wa namna hiyo. Hapa ‘in’ ni ya kukanusha: hakuna wosia. Mjane anayesoma barua ya wakili akadhani marehemu ameacha wosia ‘ndani’ ya kitu fulani atapoteza muda kuutafuta.

Je, kuna njia ya kutambua? Ipo moja ambayo husaidia mara nyingi. Ni kuangalia kama kuna kitenzi cha Kiingereza kinachoanza na ‘in’ hiyohiyo na ambacho ndicho kilichozaa neno. ‘Inflame’ kipo, ni kuwasha. Kwa hiyo ‘inflammable’ ni kinachowashika. ‘Inherit’ kipo, ni kurithi. Kwa hiyo ‘inheritable’ ni kinachorithika. ‘Inhabit’ kipo, ni kukaa mahali. Kwa hiyo ‘inhabitable’ ni panapokalika. Lakini hakuna kitenzi ‘invis’ wala ‘intoler’, na kwa hiyo ‘invisible’ na ‘intolerable’ ni za kukanusha.

Njia hiyo ina mianya. ‘Incurable’ ni ugonjwa usiotibika, wala hauhusiani na ‘incur’, kuingia gharama, ingawa herufi zinafanana. ‘Informal’ ni isiyo rasmi, wala haikutokana na ‘inform’, kuarifu. Hata ‘inhabitable’ ilishawahi kuwa na maana mbili: Shakespeare, katika tamthilia yake ya Richard II, aliitumia kwa maana ya mahali pasipokalika, yaani kinyume cha maana yake ya leo.

Kwa sababu hiyo, wanaohusika na usalama wa kemikali wameacha kutegemea neno pekee. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, unatumia ‘flammable’ kwa Kiingereza, na kuambatanisha picha ya mwali wa moto ndani ya mraba wenye ukingo mwekundu uliosimama kwa pembe moja. Wanafunzi wa kemia wa kidato cha kwanza nchini Tanzania hukutana na alama za onyo za aina hiyo katika masomo yao ya mwanzo kabisa ya maabara.

Kwenye usafirishaji, alama hiyo huwa na mandhari yote mekundu na tarakimu 3 chini yake kwa vimiminika vinavyoshika moto. Malori yanayofuata utaratibu wa Ulaya hubeba pia kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili. Namba ya chini hutaja bidhaa: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa. Namba ya juu hutaja hatari. Kwa dizeli ni 30. Kwa petroli ni 33, na kurudiwa kwa tarakimu 3 ndiyo njia ya kusema ‘hatari hii ni kubwa zaidi’ bila kutumia lugha ya mtu yeyote.

Kiswahili, kwa upande wake, kina faida ambayo Kiingereza hakina. ‘Hushika moto upesi’, ‘huwaka kwa urahisi’ au hata ‘Hatari, usiwashe moto’ hayana mlango wa kusomwa kinyume. Maandishi hayo ni marefu kidogo kuliko neno moja la Kilatini, lakini ubavu wa tangi la lita 30,000 hauna uhaba wa nafasi, na kopo la dawa ya mbu lina nafasi ya kutosha kwa picha ya mbu aliyekufa.

Utata wenyewe una mipaka yake pia. Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kupeleka petroli Burundi, likishavuka mpaka wa Kabanga na kuingia upande wa Kobero, linaingia katika nchi ambako Kifaransa ni lugha mojawapo rasmi. Katika Kifaransa, ‘inflammable’ huandikwa kwa herufi zilezile, ina maana ileile ya kushika moto, na ndilo neno la kawaida la onyo. Kisichoshika moto huitwa ‘ininflammable’, chenye ‘in’ mbili zilizofuatana, ya kwanza ikikanusha na ya pili ikiwasha.